Funguo za Mama Mizani

Karatasi ile ilikaa mlangoni mwa kabati miaka saba kasoro siku chache, na gundi yake ilikwisha kubadilishwa mara nne. Chuo kilikuwa kimeandika humo yote anayotakiwa mtu kuyatimiza ndipo apewe shahada ya uzamivu katika takwimu za afya, na kando ya kila sharti mwenye karatasi alikuwa ametia alama kwa kalamu nyekundu. Masomo ya darasani miaka miwili, tayari. Mtihani mkuu, ule wa siku mbili unaomtoa mtu jasho mpaka kwenye kucha, tayari, ingawa kwa mara ya pili. Kuwafundisha wanafunzi wadogo mihula miwili, tayari. Kukaa saa mia moja katika chumba cha ushauri na kuwasikiliza madaktari wanaoleta hesabu zao zimevurugika kama nywele za aliyelala vibaya, tayari. Makala mbili katika majarida, tayari, na moja kati ya hizo ilifukuzwa milango mitano kabla ya kupata pa kulala.

Zilibaki alama mbili tu. Ya kwanza ilikuwa barua yenye muhuri kutoka zahanati alikochukua takwimu zake, na ya pili kuitetea tasnifu mbele ya watahini, siku ya Ijumaa. Na chini kabisa, kwa herufi nene, palikuwa na sharti lisilowekwa alama: muda wote usizidi miaka saba. Miaka saba ilikuwa inaisha Jumamosi.

Mtaani walimwita Bado. Jina hilo alilipewa na fundi viatu aliyeweka kibanda chake chini ya ngazi za jengo lao, kwa sababu kila akimuuliza, "Daktari, umemaliza?" jibu lilikuwa lile lile. Jumanne hiyo asubuhi Bado alishuka ngazi mbili mbili, mkoba begani.

"Daktari Bado! Mgongo wangu huu utautibu lini?"

"Mimi si daktari wa migongo, fundi. Wa hesabu."

"Kwani hesabu nazo huumwa?"

"Tena sana."

"Basi kazi unayo, dada yangu. Mgonjwa mwenyewe hana ulimi wa kusema panapouma."

Bado alicheka bila kusimama. Kusimama ndiko kulikomshinda siku hizo. Hata akikaa, mguu wake wa kulia ulicheza wenyewe chini ya meza kama unashona cherehani. Asubuhi ile ile mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Tuliza mguu, mwanangu. Chai yangu inaogelea. Kitendawili!"

"Mama, nachelewa."

"Kitendawili, nimesema."

"Haya, tega."

"Hupanda bila ngazi, hushuka bila kuanguka, na kila mzazi huuliza habari zake."

"Sijui. Nakupa mji."

"Mji nimeuchukua, nimekaa, nimelala, na kuondoka sitaki. Ni uzito wa mtoto! Umeusomea miaka saba na hukuujua?"

Ni kweli aliusomea. Tasnifu yake ilihusu watoto mia mbili na kumi na wawili waliofikishwa zahanati ile wakiwa wamekonda mifupa, wakapewa unga wa lishe na kupimwa kila wiki kwa wiki kumi. Katika hesabu zake Bado aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema: wiki mbili za mwanzo uzito hutambaa, kisha wiki ya tatu huruka ghafla. Aliuita mruko wa wiki ya tatu. Alipiga hesabu, akageuza, akapindua, na mruko haukuondoka. Kurasa sabini za tasnifu zilisimama juu yake. Na mwishoni kabisa lilikuwapo pendekezo: kwa kuwa mtoto akisharuka huenda mwenyewe, unga utolewe wiki nne badala ya kumi. Ofisi ya lishe ilikwisha kulisikia pendekezo hilo na kulipenda kabla hata halijatetewa.

Zahanatini muuguzi mkuu alikuwa kwenye mzunguko wa wagonjwa, na muhuri ulikuwa katika mtoto wa meza yake aliyefungwa. Bado akaambiwa asubiri. Benchi la nje lilijaa, akaingia chumba cha kupimia, akakaa pembeni, mguu ukishona.

Chumba hicho alikijua. Miaka minne nyuma alifika alfajiri kabla hakijafunguliwa, akatundika jiwe la kilo mbili kwenye mizani, na mizani ikasema kilo mbili. Alitundika la kilo tano, ikasema tano. Akaandika katika sura ya tatu kwamba mizani ni nzima, na baada ya hapo kazi yake yote ilikuwa chumba cha kumbukumbu, na kadi. Watoto wakipimwa hakuwahi kuwaona. Nani ana haja ya kumwangalia mtoto anayelia wakati uzito wake umeshaandikwa?

Mpimaji alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito na mikono myepesi, aliyekuwa katika chumba hicho miaka ishirini. Wote walimwita Mama Mizani. Alimchukua mtoto wa kiume kutoka kwa mama yake, akamtumbukiza miguu katika ile suruali ya kitambaa inayoning'inia kwenye ndoano, na mtoto akaachia yowe lililotikisa vioo. Alirusha miguu, mshale wa mizani ukawa unakwenda huku na huku kama aliyepotea njia.

"Ala! Bwana mdogo, mbona unatutangaza?" Mama Mizani akachomoa kiunoni pete kubwa ya chuma, yenye funguo na kufuli zito la shaba. "Haya, shika mali yako. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Mtoto akaikumbatia pete kwa mikono miwili. Akanyamaza. Mshale ukatulia.

"Kilo saba na gramu mia nne," akasema Mama Mizani, akaandika.

Mguu wa Bado ukasimama wenyewe.

"Mama," akasema, "hizo funguo ni za nini?"

"Za ghala la unga. Zikitoka kiunoni mwangu ghala halina mwenyewe."

"Huwa unampa kila mtoto?"

"Nimpe kila mtoto, kwani nagawa peremende? Anayelia ndiye anayepewa. Aliyetulia azishike za nini?"

"Na wale wanaoletwa wakiwa hoi?"

"Hao hawalii, mwanangu. Nguvu ya kulia wataitoa wapi? Hao huning'inia hapo kama nguo iliyofuliwa. Kulia huanza wakipata nafuu. Wiki ya pili wengine, wengi wao ya tatu. Mtoto wangu akianza kunipigia kelele hapa, mimi moyoni nacheka."

Wiki ya tatu. Bado aliinuka. Aliomba kuiazima pete ile, akaitundika kwenye ndoano peke yake, bila mtoto. Mshale ulipanda ukasimama, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatazamana, wakijiuliza kama huyu msomi sasa anapima vyuma. Gramu mia tatu na tisini. Uzito ule ule, karibu kabisa, alioupata kuwa urefu wa mruko wake.

"Kwani nimekosea?" akauliza Mama Mizani.

Bado akaitungua pete, akamrudishia. Wakati huo muuguzi mkuu akatokea mlangoni akitabasamu, barua mkononi, na muhuri bado mbichi. "Hongera, dada! Si ndiyo ya mwisho hii?"

Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni kwa msimamizi wake kabla mlinzi hajamaliza kufungua madirisha. Wanafunzi walimwita Profesa Koma, kwa jinsi alivyoweza kusoma ukurasa mzima wa hesabu ngumu asiseme kitu, kisha aguse koma moja kwa kalamu na kukurudishia. Alimsikiliza Bado mpaka mwisho. Bado alizungumza akitembea, kutoka rafu ya vitabu mpaka dirishani na kurudi.

"Kaa, dada yangu. Unanizungusha kichwa."

"Siwezi kukaa, Profesa."

"Data zote zina uchafu wake. Weka sentensi moja katika sura ya mapungufu."

"Isemeje?"

"Kwamba huenda upimaji ulikuwa na dosari ndogo."

"Gramu mia tatu na tisini kwa mtoto wa kilo saba ni dosari ndogo?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na Bado ndiye mwanafunzi wake wa mwisho.

"Nisikilize. Unajua nani alishika funguo na nani hakushika? Hujui. Bila hilo huwezi kusahihisha chochote. Utakwenda mbele ya watu Ijumaa kubomoa nyumba yako mwenyewe bila tofali moja la kujengea nyingine. Na Jumamosi saa zako zimekwisha. Miaka saba! Hakuna mtu atakayekuuliza habari za funguo."

"Mimi najiuliza."

"Basi jijibu baada ya Ijumaa," akasema, kwa upole, na huo upole ulimuuma kuliko ukali.

Alirudi nyumbani mchana akapanga vitabu upya, akavipangua, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Sentensi moja. Nani atajua? Mtahini hatajua. Ofisi ya lishe haitajua. Itafunga magunia katika wiki ya nne na kusema msomi ameshapiga hesabu. Mtoto fulani, ambaye nguvu zake zote ni za kulia tu, atarudishwa nyumbani kwa sababu ya uzito wa kufuli.

Mama yake alikuwa amekaa kitandani, tasnifu imefunguliwa mapajani. Katika kitabu chote kile kizito alikuwa na ukurasa wake mmoja anaoupenda, wa kiambatisho, wenye picha ya kadi ya mtoto mmoja. Kwingine kote, alisema, ni wadudu wa Kigiriki wanaotembea. Lakini kadi aliweza kuisoma, na aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa shule ya msingi.

"Wiki ya kwanza. Kilo tano na mia tisa. Kimya. Wiki ya pili. Kilo sita na mia moja. Kimya. Wiki ya tatu. Kilo sita na mia saba. Amelia, anatupa miguu." Akainua kichwa. "Huyu mwandishi wenu ana mapenzi. Kila mtoto anamwandikia habari zake."

Bado aliusimamisha ufagio. "Umesoma nini, mama?"

"Si hapa? Safu hii ya mwisho. Maoni."

Safu ya maoni! Alipokuwa akiingiza kadi katika kompyuta, mwaka wa tatu wa masomo, aliiruka safu hiyo yote, kadi baada ya kadi, kwa sababu haikuwa na namba. Maneno hayajumlishwi. Hata alijipongeza kwa kuokoa muda. Jambo alilolitafuta lilikuwa limeandikwa na Mama Mizani mwenyewe, wiki kwa wiki, mtoto kwa mtoto, kalamu ya buluu, na yeye ndiye aliyelikunja akaliweka chini ya godoro.

"Vaa viatu, mama. Tunakwenda zahanati."

"Nina miaka sabini na moja, unanikimbiza wapi?"

"Unakwenda kunisomea."

Walikaa katika chumba cha kumbukumbu Jumatano yote iliyobaki na Alhamisi tangu mlango ulipofunguliwa, maboksi matatu sakafuni, mama kwenye kiti na binti juu ya boksi tupu. Mama alisoma, "Kimya. Kimya. Amelia. Amelia kidogo," na binti akagonga kwenye kompyuta sifuri, sifuri, moja, kisha akaacha kugonga. "Huyu wa kidogo, funguo alizishika?" Ikabidi aitwe Mama Mizani, aje akijifuta mikono, aseme kwamba kwake kulia ni kulia, mtoto akifungua mdomo anapata pete. Moja, basi. Zilikuwapo kadi zilizoliwa na maji, na nyingine ambazo mpimaji alikuwa likizoni na safu ikabaki tupu. Hizo Bado akazitenga, akaziorodhesha zote. Aligundua na jambo jingine. Wako watoto ambao kwenye wiki ya sita au ya saba uzito wao ulishuka ghafla, na katika tasnifu alikuwa ameeleza kuwa ni homa za msimu. Mama yake akasoma: "Ameizoea mizani, anacheka." Hawakuwa na homa. Walikuwa wamerudisha funguo.

Alhamisi saa tisa alasiri kadi zikaisha. Bado akatoa gramu mia tatu na tisini kila palipo na moja, akaiambia kompyuta ipige hesabu upya, na mguu wake ukaanza kushona juu ya sakafu ya saruji. Mchoro ulipotokea, mlima wake haukuwapo. Ulikuwapo mstari tu, unaopanda polepole tangu wiki ya kwanza hadi ya kumi, kama mtu mzima anayepanda ngazi na mzigo. Unga ulikuwa unafanya kazi, lakini ulihitaji wiki zake zote kumi.

"Ni vizuri au vibaya?" akauliza mama.

"Kwa watoto, ni vizuri kwamba tumejua. Kwangu..."

"Kwako sikuuliza," akasema mama, akimshika goti lile linalocheza. Halikutulia, lakini hakuuondoa mkono.

Kanuni za chuo ziliruhusu yeyote kuhudhuria utetezi, na ndiyo maana Ijumaa asubuhi Mama Mizani alikuwa kiti cha nyuma kabisa na sare yake ya kazi, kando ya mama yake Bado. Bado alikuwa ameomba kuazima pete ya funguo tu. Mama Mizani alijibu kwamba funguo haziendi popote bila yeye, kwa hiyo zikienda chuo, na yeye anakwenda.

Watahini walikuwa wanne. Aliyeogopwa ni mtahini wa nje, mwanamke mdogo wa umbo, aliyetoka chuo kingine na nakala yake ya tasnifu imebandikwa vikaratasi vya njano kila upande kama ndege mwenye manyoya ya ziada. Profesa Koma alikaa pembeni akitazama mikono yake.

Bado alisimama. Hakufungua ukurasa wa kwanza.

"Waheshimiwa, kabla sijaanza, naomba kurasa za sabini mpaka mia moja na arobaini mziweke kando. Mruko wa wiki ya tatu haupo. Ni hizi." Akaiweka pete mezani. Ililia kwa kishindo, na mtahini mmoja akaruka kidogo.

Akaeleza. Jiwe la kilo mbili, watoto walio kimya, kelele ya wiki ya tatu, safu aliyoiruka. Akaonyesha mstari mpya na kadi alizozitenga. Mtahini wa nje alikuwa anachomoa vikaratasi vyake vya njano kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Maswali aliyokuja nayo yalikuwa yamekosa pa kukaa.

"Unategemea kabisa neno moja lililoandikwa na mpimaji," akasema hatimaye. "Utathibitishaje kwamba kila alipoandika amelia, mtoto alilia kweli?"

"Si mimi ndiye niliyekuwa napigiwa kelele!" sauti nzito ikatoka nyuma.

Ukumbi ukacheka. "Wageni hawajibu," akasema mwenyekiti, akificha mdomo kwa karatasi.

"Lakini swali limejibiwa nusu," akasema mtahini wa nje, bila kucheka. "Nusu nyingine namngoja mtahiniwa."

Bado alisema hawezi kuthibitisha kwa kadi za zamani. Alisema anachoweza ni kurudi kupima upya, watoto wapya, na pete ikiwa ukutani. Walimuuliza mengine kwa saa mbili, na mengine hakuyajua, akasema hayajui.

Kisha wakamtoa nje. Ukumbi wa nje ulikuwa na hatua thelathini na mbili kutoka mlango hadi dirisha. Alizihesabu kwenda, akazihesabu kurudi, mama yake na Mama Mizani wakimfuata kwa macho kama watu wanaotazama mchezo wa mpira.

Walipomwita, mwenyekiti alisoma bila kuinua uso. Hakufaulu, na hakufeli. Sura tatu ziandikwe upya, upimaji mpya ufanyike, na tasnifu irudi mbele ya watahini hao hao ndani ya mwaka mmoja. Kwa kuwa alisimama kuitetea kabla ya miaka saba kutimia, mlango haujafungwa. Lakini shahada haitolewi.

Profesa Koma alimpa mkono, akaushikilia kidogo. "Nilikushauri vibaya," akasema. Mtahini wa nje alipita na mkoba wake, akasimama. "Kile kiambatisho chenye kadi," akasema. "Ungeanzia pale." Akaenda zake.

Chini ya ngazi fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni. Aliitema kiganjani alipowaona.

"Daktari?"

"Bado."

"Aa! Basi uambie mgongo wangu usubiri."

Jioni hiyo kabla jua halijazama alikuwa amekwisha andika barua kwa ofisi ya lishe, kuwaomba wasipunguze wiki hata moja na kuwaeleza sababu, jina lake kamili chini yake. Kisha akaichukua kalamu nyekundu akasimama mbele ya kabati. Kwenye barua ya zahanati akatia alama. Kwenye utetezi akachora nusu ya alama, mkia wake tu ule mfupi unaoshuka, akaiacha hapo ikining'inia.

Jumanne iliyofuata, asubuhi na mapema, alikuwa chumba cha kupimia, kadi mpya mapajani. Msumari ulikuwa umepigiliwa kando ya mlango, na pete ya funguo imetundikwa hapo, mbali na mikono yote. Akaletwa msichana wa mwaka mmoja, wiki yake ya tatu. Miguu ilipoingia tu katika suruali ya mizani akafungua mdomo, na sauti aliyoitoa iliwafanya wanawake wa kwenye foleni wazibe masikio. Mama yake akaitazama pete ukutani, akamtazama Mama Mizani.

"Mpe basi, jamani. Atapasuka."

"Mwache alie," akasema Mama Mizani, mkono wake mmoja ukiishika kamba isiyumbe, jicho likiusubiri mshale. "Mwache alie, bibi. Mwanao huyu wiki iliyopita hakuweza."

Walingoja. Ilichukua muda mrefu kuliko zamani, mtoto akitupa miguu na mshale ukitangatanga, na mguu wa Bado chini ya kadi ukienda nao. Akaandika kwanza neno katika safu ya mwisho. Kisha mshale ukapumzika mara moja, sekunde tu, na akaandika namba.